Mwanamke wa Pembeni mwa Picha

Siku ile Kidoti alivaa sketi nyeusi, ile ya kwendea usaili wa kazi na mikutano ya wazazi, kwa sababu Mpigapicha alikuwa amemwambia kwamba alasiri Bi Mkubwa angeshuka kuzungumza naye. Wazungumze nini, hakusema. Lakini mama anaposhuka ngazi kuja kumtazama mwanamke anayependwa na mwanawe wa pekee, hashuki kuulizia kama mvua itanyesha.

Mama mdogo wake, aliyekuwa akibaki nyumbani na mtoto, alimzungusha mara kadhaa mbele ya mlango akimkagua. Akamshauri avae hereni ndogo. Akamwonya asicheke ovyo, na akiulizwa juu ya mtoto ajibu kwa sauti ya kawaida, asijitetee kama aliyekamatwa. "Wewe umezaa," alimwambia, "hukuiba mtoto wa mtu." Kidoti alicheka, akambusu binti yake utosini, akatoka. Alishawahi kukataliwa mara moja, kwa watu ambao hata kiti hawakumpa, na sababu ilikuwa huyohuyo wa kubusiwa utosini.

Studio ilikuwa mwisho wa barabara ya ziwani, chini kazi, juu makazi ya mama na mwana. Chumba cha nyuma, alichofanyia kazi Kidoti, kilijengwa juu ya nguzo, nusu nchi kavu na nusu majini. Mchana kutwa ziwa lilikuwa chini ya sakafu, likigusa nguzo taratibu na kurudi, kama mtu anayelamba sahani akidhani hakuna anayemsikia. Siku za mwanzo sauti ile ilimpendeza. Baadaye akaanza kuwasha redio ili asiisikie.

Kazi yake ilikuwa kusafisha picha za zamani. Babu mzaa mama wa Mpigapicha ndiye aliyeanzisha studio ile, na enzi zake picha zilikuwa zikipigwa kwenye vioo. Sasa mjukuu alitaka kuzichapisha upya na kuzitundika ukuta mzima wa mbele: mji ulivyokuwa, watu wa kawaida kwenye shughuli zao za kawaida. Wanawake wakifua kwenye mawe. Wavuvi wakishona nyavu. Foleni ya zahanati, fundi viatu na msumari mdomoni, watoto wa shule wamejipanga kwa urefu, mashua ikishusha magunia. Kidoti alipewa brashi laini, maji safi na bahasha. Afute vumbi, akaushe, afungashe, basi. Kuchapa alichapa Mpigapicha mwenyewe, peke yake, mlango umefungwa.

Vioo vile vilimwogopesha tangu mwanzo. Kwenye kioo kila kitu kimegeuka. Anga ni jeusi, maji ni meusi, na watu wametoka weupe kama waliomwagiwa unga, huku meno yao na weupe wa macho ndiyo giza. Ukimtazama mama anayefua unaona mzimu anayefua. Kidoti alimwambia Mpigapicha hivyo, naye akasimama nyuma yake, akaushika mkono wake wenye brashi, akauongoza polepole kutoka pembe hadi pembe. "Hawakuumi," alimnong'oneza. "Wamezoea kutazamwa tu." Kidoti alisikia pumzi yake shingoni, akasahau mizimu yote.

Hivyo ndivyo mapenzi yalivyoanza, kwa brashi. Yalivyoendelea ni kwa kamera. Mpigapicha hakuacha kumpiga picha. Mlangoni, ngazini, kando ya maji. Simama hapo, geuka kidogo, shika kiwiko, usicheke, tulia hivyohivyo. Kisha alikuwa akimtazama kwa namna ambayo hakuna mwanamume aliyewahi kumtazama, kama mtu aliyerudishiwa kitu. Kilichomchekesha ni kwamba picha zote zilizotoka, yeye alikuwa pembeni. Katikati kulikuwa na ukuta mtupu, au ziwa, au kiti. Alimuuliza mbona hamweki katikati kama binadamu wengine.

"Katikati ni pa watu wa pasipoti," Mpigapicha alijibu, na wote wawili wakacheka.

Basi alasiri ile Mpigapicha alikuwa ametoka kwenda kupiga picha za vitambulisho kwenye shule moja. Mawingu yalishuka chini, chumba kikawa na giza la mapema, umeme ukakatika na redio ikanyamaza. Kidoti alisogea dirishani apate mwanga. Meza ilikuwa imejaa, kwa hiyo kioo alichokuwa akikifuta, kile cha foleni ya zahanati, akakilaza mapajani ili achukue bahasha. Akainama.

Na watu wakageuka.

Hakuna uchawi ndani yake, kila fundi wa picha za zamani anajua: kioo kile ukikilaza juu ya kitu cheusi na kukiinamisha kuelekea kwenye mwanga, giza lake linakuwa mwanga na mwanga wake giza, ukaona picha kama ilivyo. Ila Kidoti hakuwahi kuambiwa, na hakuwahi kuja kazini na sketi nyeusi. Aliona foleni ikijaa uhai mapajani mwake. Akaona mama mwenye mtoto anayelia, mzee mwenye bandeji, muuguzi mlangoni. Na pembeni kabisa, karibu na ukingo wa kioo, mwanamke amesimama peke yake, haangalii zahanati wala watu. Anaangalia moja kwa moja kwa anayepiga picha.

Sura ilikuwa yake. Paji la uso, shingo ndefu, na chini ya jicho, kidoti.

Kisha akafanya jambo ambalo mtu mwenye akili timamu asingefanya, akachukua kioo kingine. Wanawake wakifua kwenye mawe: yupo, pembeni, nguo kavu, hana beseni. Akachukua kingine. Wavuvi: yupo. Kingine. Fundi viatu: yupo, bega lake limekatwa na ukingo. Watoto wa shule wamebadilika, mji umekua, mti uliokuwa mche umekuwa mti, na mwanamke yule hajazeeka hata siku moja. Hajabadili nguo. Mkono mmoja umeshika kiwiko cha mwingine, midomo imefungwa, macho yanamfuata aliyekilaza kioo mapajani.

Chini ya sakafu maji yaligusa nguzo, yakarudi.

"Usivifiche," sauti ilisema kutoka ngazini. "Mimi ndiye niliyekuwa nikivipangusa kabla yako."

Bi Mkubwa alishuka akishikilia ukuta, mwanamke mnene wa makamo, amejifunga khanga juu ya gauni, miwani ikining'inia kifuani. Kidoti aliinuka nusu, akasema shikamoo, kioo bado mkononi. Bi Mkubwa aliitikia marahaba, akamwashiria akae, naye akakalia kigoda cha wateja ambacho kililalamika kidogo. Hakuanza na alichokuja nacho. Aliuliza kwanza habari za mtoto: analala usiku, anakula, meno ya magego yameshatoka? Akasema huyu wake alipoota magego nyumba nzima haikulala, mpaka jirani akaomba kuhama. Kidoti alijibu kwa sauti ya kawaida kama alivyofundwa. Lakini macho yake yalikuwa kwenye kioo.

"Ni nani, mama?"

"Hilo jina la Kidoti," Bi Mkubwa aliuliza badala ya kujibu, "kakupa nani?"

"Yeye. Siku ya kwanza kabisa. Nyumbani hawaniiti hivyo."

Bi Mkubwa alifumba macho kidogo. "Ndilo baba yangu alilomwitia huyo."

Akamsimulia, polepole, akitazama dirishani. Baba yake, kabla ya kuoa, alimpenda mwanamke mmoja aliyekuwa akiwafulia watu nguo. Alikuwa na mtoto tayari. Wazee wakakataa, na maneno waliyomwambia, alisema Bi Mkubwa, hayafai kurudiwa mbele ya mtu aliyezaa. Mwanamke akambeba mtoto wake, akapanda mashua ya kuvukia ng'ambo, na mashua ile haikufika. Maji yakarudisha mbao chache, basi. Baba akaozwa mwingine, na huyo mwingine ndiye aliyemzaa Bi Mkubwa. Hakuwahi kuinua mkono kwa mke wake, wala sauti. Lakini alikuwa na picha moja tu ya yule wa kwanza, aliyompiga uani asubuhi moja. Na kila alipopiga picha ya mji, alikuwa akiichapa, halafu anachapa na ile ya mwanamke, anakata umbo lake kwa wembe, analibandika pembeni, anapiga picha ya picha. Kinatoka kioo kipya, na mwanamke yumo ndani.

"Angalia vivuli," Bi Mkubwa alisema, akavaa miwani na kuinama juu ya sketi. "Baba alitembea na kamera alasiri. Hawa wote jua liko huku, vivuli vimelala kule. Yeye alipigwa asubuhi. Kivuli chake kimekwenda upande wake peke yake. Unaona? Na hakumweka kwenye harusi wala sherehe. Alimweka hapa: kwenye mawe ya kufulia, zahanati, kwa fundi viatu. Mahali mke wa mtu anapopita kila siku."

Kidoti alihisi machozi, na hakujua anamlilia nani. Lilikuwa jambo la mapenzi makubwa kuliko aliyowahi kuyasikia, na lilimsisimua nywele za mikono.

"Mama yako alijua?"

"Mama yangu aliishi na mwanamke mwingine ndani ya nyumba miaka yote na hakuwahi kumfumania. Ungemfumania wapi? Amebandikwa." Bi Mkubwa alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Kisha akanyoosha mkono kwenye kabati, akatoa kioo kimoja kilichofungwa peke yake kwa kitambaa, akakilaza mapajani mwa Kidoti. "Hivyo vyote najua jinsi vilivyotengenezwa. Hiki sijui."

Alikuwa mwanamke kijana amekaa kwenye ngazi za studio hii hii na kichanga mikononi. Nyuma yake, mlangoni, alisimama yule yule. Kidoti alitafuta kivuli. Kilikuwa kimelala pamoja na cha mama mwenye kichanga, upande mmoja, urefu mmoja.

"Kichanga ni mimi," Bi Mkubwa alisema. "Nilimuuliza baba, akasema hicho hakukigusa. Alikuta tu kimetoka hivyo."

Mvua ilianza, matone machache juu ya bati. Bi Mkubwa aliongeza, kana kwamba anamtuliza, kwamba ameshaulizia ng'ambo, walikotoka kina Kidoti, kimyakimya, na hakuna undugu wowote. Ni sura tu; watu hufanana. Alilisema kama jambo aliloshajiambia mara nyingi bila kuliamini.

"Nilidhani umekuja kunikataa kwa sababu ya mtoto," Kidoti alisema.

"Mtoto ningemlea mwenyewe. Nyumba hii haijasikia mtoto akilia tangu huyu wangu aache kuota meno." Bi Mkubwa alimshika mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto. "Sikukatai wewe, mwanangu. Nakukataza yeye. Alipougua surua alilazwa chumba hiki hiki, maana ndicho chenye giza. Akawa anaongea na picha. Asubuhi anamsalimia. Nikaona ni utoto. Ameletewa wasichana, anawatazama kama ukuta. Halafu siku mliyokutana gatini, karudi, kakaa mezani, hali chakula. Namuuliza una nini. Unajua alinijibuje? Hakusema nimepata msichana. Alisema, mama, nimemwona."

Mlango wa mbele ulifunguliwa, ukafungwa. Mpigapicha aliingia amelowa mabega, kamera shingoni, tabasamu la mtu aliyeharakisha njiani. Aliona vioo vimelala kwenye sketi nyeusi, akawaona wanawake wawili wameshikana mikono, na tabasamu likabaki usoni kwa muda kama kitu kilichosahauliwa.

"Mimi nimemaliza," Bi Mkubwa alisema akiinuka. "Semezaneni." Akapanda, ngazi moja moja. Mlango wa juu haukusikika ukifungwa.

"Ulijua," Kidoti alisema.

"Nilijua mnafanana." Alivua kofia, akaikamua. "Ningekuambia. Kila asubuhi nasema leo. Halafu unaingia na mwavuli wako ule uliovunjika, nasema kesho."

"Na jina?"

Aliining'iniza kofia kwenye pembe ya kabati.

"Na mimi kukaa pembeni? Wewe ulinichekesha, nikacheka. Usicheke, geuka, shika kiwiko. Ulikuwa unanipiga mimi, au unamrudia yeye?"

"Nakupenda," Mpigapicha alisema.

Alisema kweli, na hapo ndipo hofu ilipomwingia Kidoti sawasawa. Sauti ilikuwa ya mtu anayependa mpaka mifupa inauma. Ila macho yake, yale macho aliyoyangojea kila siku tangu aanze kazi, yalikuwa juu yake na yalikuwa yanapita, kama ya mtu anayetazama kioo cha dirisha wakati anachokiona kiko upande wa pili. Kidoti alijizuia asigeuke kuangalia nyuma.

"Ile wiki nilikuja na jino," alisema, "shavu limenivimba, jicho moja limefumba. Nilikaa hapa hapa siku zote zile. Hukunipiga hata moja. Ulisema mwanga ni mbaya. Ulikuwa mbaya?"

Angeweza kudanganya. Kidoti alimpenda zaidi kwa sababu hakudanganya.

"Hapana. Ulikuwa mzuri."

"Basi?"

"Hukuwa..." Alishika mkanda wa kamera, akauachia. "Hukuwa..."

"Malizia."

"Siwezi."

Mvua iliongezeka. Ziwa lilipanda chini ya sakafu, mguso baada ya mguso, na kwa mara ya kwanza halikumtisha. Lilikuwa maji tu, na mwanamke aliyezama humo hakuwa na kosa lolote kwake. Walifanana bahati zaidi ya sura: wote wawili walikuwa na mtoto wa kumbeba. Alivipanga vioo mezani, kimoja kimoja, kwa uangalifu aliofundishwa.

"Mimi nitanenepa," alisema. "Nitapata makunyanzi, nywele zitakatika, nikijaliwa nitazaa mwingine. Yeye ataendelea kuwa hivyo hivyo. Siku hiyo utanitazama kwa macho gani?"

"Nifundishe, basi," Mpigapicha alisema, na sauti ilivunjika. "Sijui namna nyingine ya kutazama. Nifundishe."

Moyo wa Kidoti ulimwendea. Angetaka kuvuka zile hatua chache, kuweka paji la uso kwenye shati lile lililolowa, kusema tutajifunza pamoja. Alikuwa ameshaanza kunyanyua mguu.

"Niulize kitu," alimwambia badala yake. "Chochote usichokijua juu yangu. Sijali kikiwa kidogo."

Mpigapicha alifungua mdomo. Akafikiri. Akatafuta usoni mwake, paji, shingo, chini ya jicho, akitafuta kwa bidii kama mtu aliyedondosha ufunguo gizani, na kadiri alivyotafuta ndivyo alivyonyamaza. Kila alichotaka kukijua alikuwa anakijua tangu utotoni. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna kingine.

Kidoti alimpa muda. Alimpa zaidi ya aliostahili. Kisha akachukua mkoba wake.

"Ukipata swali, kwetu unapajua," alimwambia. "Ninaweza kungoja kidogo, sikufichi, maana nakupenda. Ila uje bila hiyo ya shingoni."

Alipita karibu naye, karibu kiasi cha kusikia harufu ya mvua kwenye nywele zake, na hawakugusana. Chumba cha mbele kilikuwa na ukuta mtupu, umeshapakwa chokaa, unangoja picha. Alifika mlangoni. Upepo wa ziwa ulimpiga, akasimama kizingitini, ubavu mmoja ndani na mwingine nje, mkono mmoja ukishika kwa baridi kiwiko cha mwingine uliohangaika na mwavuli.

Nyuma yake kukasikika: tik.

Mlio mdogo, anaoujua. Baada yake kimya, kimya cha mtu aliyeshtushwa na mikono yake mwenyewe. Shingo ilitaka kugeuka. Mwili mzima ulishazoea. Mlio ule ukisikika, unageuka kidogo, hucheki, unatulia hivyohivyo, na mtu anakutazama kama aliyerudishiwa kitu. Alihisi kabisa namna mwanga ungemwangukia shavuni. Alihisi pia, na hakutaka kujua ni kwa nini, kwamba hapo kizingitini hakuwa amesimama peke yake.

Akaung'ang'ania mwavuli mpaka ukafunguka, akatazama mvua iliyo mbele yake, akatoka na uso wake.